Matumaini ya Kiongozi na Amana za Watu

Swali la iwapo matumaini ya kiongozi mpya yanaweza kulivusha taifa katika msukosuko haliwezi kujibiwa kabla ya kuuliza msukosuko wenyewe umeundwa na nini. Marekani ya Machi 1933 inafaa kuchunguzwa, kwa kuwa Franklin D. Roosevelt alipoapishwa tarehe 4, takriban robo ya wafanyakazi hawakuwa na ajira, na majimbo mengi yalikuwa yamekwisha kuzifunga benki zao au kuwawekea wateja kikomo cha fedha za kutoa.

Benki, hata iliyo imara, haiweki kasikini amana zote za wateja wake. Sehemu kubwa imekopeshwa kwa wakulima, wafanyabiashara na wanunuzi wa nyumba, na haiwezi kukusanywa kwa siku moja. Hivyo wateja wakiamini kwamba benki itaanguka, wakapanga foleni wote kutoa akiba zao, itaanguka kweli, hata kama hofu yao haikuwa na msingi mwanzoni. Mwanasosholojia Robert K. Merton, katika makala ya 1948, aliutumia mfano huu huu kueleza ubashiri unaojitimiza, yaani kauli isiyo kweli ambayo, kwa kuaminiwa tu, huzaa matendo yanayoigeuza kuwa kweli. Mwanafalsafa William James alikuwa ameugusa upande wa pili tangu 1896, aliposhikilia kwamba yapo mambo mema yasiyoweza kutokea pasipo watu kutangulia kuyaamini. Kama hofu ndiyo iliyoiangusha benki, basi imani nayo ni sehemu ya mtaji wake.

Hata hivyo, Herbert Hoover, aliyemtangulia Roosevelt, hakukosa maneno ya kutia moyo. Mei 1930 alitangaza kwamba taifa limekwisha kuupita wakati mbaya zaidi, na benki zikaendelea kuanguka. Tofauti kati ya tumaini linalojenga na maneno matupu ilikwisha kuelezwa karne nyingi kabla na mwanazuoni wa Kiislamu, Imamu Ghazali, katika kitabu chake Ihya, anapotenganisha rajaa, yaani tumaini la mkulima aliyepanda mbegu njema katika ardhi nzuri na kuimwagilia, kisha akangoja fadhila za Mungu, na ghururi, ambayo ni kujidanganya kwa anayetupa mbegu katika ardhi isiyofaa bila ya kuzitunza, kisha akangoja mavuno. Ghazali alikuwa akizungumzia wokovu wa nafsi, si fedha, lakini kipimo chake kinafaa hapa pia.

Roosevelt alipanda kwanza. Tarehe 6 Machi alizifunga benki zote nchini; tarehe 9 Bunge lilipitisha sheria iliyoruhusu noti zaidi kutolewa kwa benki zenye mali nzuri, huku wakaguzi wakichambua zipi zifunguliwe; na Jumapili usiku, tarehe 12, ndipo alipozungumza redioni, akaeleza kwa lugha nyepesi benki hufanya nini na fedha za mteja, na kwamba fedha hizo zina usalama zaidi katika benki iliyofunguliwa upya kuliko chini ya godoro. Kuanzia kesho yake, wengi waliokuwa wamezitoa fedha zao walianza kuzirudisha.

Linabaki swali la kimaadili ambalo wasifiaji wake hulipita haraka: je, alijua kwamba aliyosema ni kweli? Ukaguzi wa maelfu ya benki kwa siku chache haungeweza kuwa kamili, na kwa sehemu kauli yake ilikuwa dhamana ya jambo ambalo lingekuwa kweli endapo tu angeaminiwa. Haikuwa hila, kwa sababu serikali ilijiandaa kuibeba hasara kama dhamana hiyo ingevunjika, jambo ambalo Hoover hakuwa amelifanya.

Pale ambapo tatizo halikuwa hofu, sauti ile ile haikufua dafu. Ukosefu wa ajira ulidumu, uchumi ukaporomoka tena mwaka 1937, na kazi za kutosha zilipatikana tu vita vilipokaribia. Kwa upande wa benki, kilichodumu zaidi ya hotuba ni bima ya amana, iliyoanza Januari 1934 kwa kufidia hadi dola 2,500 kwa kila mweka amana. Roosevelt mwenyewe hakuipenda mwanzoni, lakini tangu hapo mwenye akiba ndogo hakuhitaji tena kupima moyo wa rais kabla ya kuamua kama ataenda kupanga foleni.