Msaada wa Wakulima Ni wa Nani?

Mkulima wa Kabalo alimaye mahindi na muhogo karibu na mto Lualaba ajua kwamba mvua haimngoji mtu. Ikinyesha naye hana mbegu, mwaka umepotea. Kwa hiyo Serikali nyingi huwasaidia wakulima kwa fedha ya watu wote. Msaada huo ni mwema. Lakini hapo huzuka swali la haki: ni nani astahiliye kuupokea?

Jambo lililotukia Tanzania, ng'ambo ya ziwa, lafaa kufikiriwa. Mwaka 2008 Serikali ya huko iligawa hati ziitwazo vocha. Mwenye vocha alilipa karibu nusu ya bei ya mbolea na mbegu zitoshazo eka moja. Iliyobaki ililipwa na Serikali. Vocha zilikusudiwa wenye mashamba yasiyozidi hekta moja, na wanawake wanaosimamia nyumba zao walipaswa kutangulizwa. Majina yalichaguliwa kijijini, maana majirani hujuana.

Shauri hilo lilikuwa la busara. Lakini wataalamu walipouchunguza mpango huo katika vijiji vya Kilimanjaro, waliona kwamba vocha zipatazo 60 katika kila 100 zilichukuliwa na viongozi wa vijiji waliochaguliwa na watu. Hayo yaliwadhuru maskini zaidi katika vijiji vya mbali, na palipo na tofauti kubwa kati ya tajiri na fukara.

Je, walikosa? Mtu aweza kusema: "Kiongozi naye ni mkulima, ana watoto." Ni kweli. Kama shamba lake ni dogo na zamu yake imefika, apokee bila aibu.

Mwingine atasema: "Maskini hana ile nusu ya bei. Afadhali apewe awezaye kulipa." Neno hili ni zito zaidi, kwani malipo yenyewe yalimwacha fukara kabisa mlangoni. Lakini umaskini wa jirani ni sababu ya kumtafutia njia, au kuwaomba waliotunga mpango wautengeneze; si sababu ya kuchukua fungu lake. Tena, aliyekuwa akinunua mbolea kwa fedha yake tangu zamani, akipewa vocha haongezi mahindi nchini. Aongeza fedha mfukoni mwake tu.

Basi, itambulike tofauti hii. Kilicho chake mtu, akigawe apendavyo. Kilicho cha wote, aliyekabidhiwa ni mkono wa kupitisha tu. Mkono ukijibakizia, umeiba, ingawa haukuvunja mlango wa mtu. Mkatekumeno ajifunzaye amri ya "Usiibe" asidhani kwamba yahusu kuku wa jirani peke yake.

Katika Kongo nako, sheria ya tarehe 24 Desemba 2011 iliagiza uwepo mfuko wa taifa wa kuendeleza kilimo. Msaada wo wote ufikapo kijijini, majina na yasomwe mbele ya watu wote, na agawaye awe wa mwisho kupokea. Mama mwema agawapo bukari huwapa watoto kwanza, ndipo hutazama kilichobaki chunguni.

Maswali ya kufikiri:
1. Mjane asiye na nusu ya bei asaidiwe namna gani?
2. Aonaye jina lisilostahili likiandikwa, akanyamaza, je, hana hatia?