Ua Lisilo na Mwenyewe

Mara nyingi twasikia watu wakinena, "Kitu hiki hakikupandwa na mtu, basi ni cha kila mtu." Maneno hayo yaonekana kuwa ya haki, wala hatutaki kuyakataa upesi. Lakini yafaa tuyapime kwa jambo dogo, nalo ni ua la okidi.

Okidi za ardhini huchanua wakati wa mvua. Zimo hata katika miombo yetu ya Mpanda, lakini mahali penye sifa ni uwanda wa juu wa Kitulo, upande wa Makete na Mbeya, paitwapo Bustani ya Mungu. Ziko huko aina zipatazo 45. Chini ya shina la nyingi katika hizo vimo viazi viwili. Kimoja kimenywea, maana ndicho kilicholisha ua la mwaka huu. Cha pili ni kigumu, nacho ni akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji hukitupa cha kwanza, hukichukua cha pili. Viazi hivyo hupelekwa Zambia, hutwangwa, huchanganywa na karanga, na kupikwa chakula kipendwacho sana, kiitwacho chikanda.

Je, mchimbaji huyo amemwibia nani? Hakuingia shamba la mtu. Huenda fedha ile imemnunulia mtoto wake daftari. Sisi hatuthubutu kumwita mwivi. Walakini kila mkulima ajua kwamba mbegu si chakula, hata njaa ikibisha hodi; naye aliyekula mbegu zake aweza kuomba kwa jirani. Okidi haina jirani wa kuiazima. Mbegu zake ni kama vumbi, hazioti zisipopata ukungu uzifaao udongoni, na mche hukawia miaka kabla ya kuwa na kiazi cha kuchimbwa. Okidi zilipoadimika kwao Zambia, wafanya biashara walivuka mpaka wakaja kwetu. Basi yule "kila mtu" alikuwa ni yule aliyetangulia kufika tu.

Mwaka 2005 Kitulo ilifanywa Hifadhi ya Taifa. Twafurahi, ingawa sheria hailishi nyumba ya mchimbaji, na nje ya mpaka wa hifadhi ua halina askari.

Tena sisi wa Katumba ni nani hata tuhukumu? Wengi wetu, au wazazi wetu, walikimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, wakapewa msitu, wakaufyeka wapate kula. Miaka mingi tulikuwa na udhuru: nchi si yetu, pengine kesho tutaondoshwa. Mwaka 2014 wengi walipewa hati za uraia, na udhuru ule ukaisha.

Mvua zilizopita tulikuta okidi moja mpakani mwa shamba, jembe likiwa mkononi. Tulilipindisha tuta. Jirani alipopita aliuliza kwa kicheko ni nani aliyetufundisha kulima hivyo.