Tundu Katika Sehemu Yangu ya Jahazi



Ndugu msomaji, miaka miwili iliyopita, nikiwa likizoni, nilimfungia mjomba wangu kamera ya ulinzi kwenye ghala lake la ndagala na mawese kule Kabonga, karibu na mpaka. Niliiunga na intaneti ili aweze kuliangalia ghala kwa simu akiwa sokoni Rumonge. Kamera ilikuja na neno la siri la kiwandani, lile lile linalowekwa kwenye kila kamera ya aina hiyo. Sikulibadilisha. Lilikuwa rahisi kukumbuka, nami nilikuwa na haraka ya kurudi chuoni. Majirani waliipenda kazi, nikawafungia wengine wanne kwa neno hilo hilo.

Mwaka huu nilipomwambia mjomba tulibadilishe, alicheka. "Mpwa wangu, kamera ni yangu, ghala ni langu. Mwizi akitaka kutazama ndagala, na atazame."

Sikuwa na jibu. Makala hii ni jaribio la kumjibu yeye, na kujijibu mwenyewe.

Kwanza tujue kinachoweza kutokea. Mwaka 2016 ilienea programu hasidi iitwayo Mirai. Ilizunguka kwenye intaneti ikibisha hodi kwenye kamera na ruta za watu, ikijaribu orodha ya maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60. Palipofunguka iliingia, na kifaa kikawa askari wa mtu mwingine. Mwenye kifaa hakujua, kwani kamera yake iliendelea kuonyesha picha kama kawaida. Mwingereza aitwaye Daniel Kaye alitumia jeshi la vifaa kama hivyo, kwa malipo, kuishambulia kampuni ya simu ya Lonestar nchini Liberia. Wapelelezi wa Uingereza walieleza kwamba Novemba 2016 mashambulizi yake yalikuwa makubwa hadi yakakata intaneti nchini humo. Januari 2019 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka miwili na miezi minane.

Kaye alifungwa. Wenye kamera je, wana sehemu katika kosa lile?

Wanazuoni wa fiqhi wana mfano unaotufaa. Mtu akichimba kisima kwenye njia ya watu bila idhini, na mpita njia akatumbukia, mchimbaji hubeba dhamana. Akichimba katika uwanja wake mwenyewe, habebi. Na akitokea mtu wa tatu akamsukuma mpita njia kisimani, dhamana humwangukia aliyesukuma, kwa kuwa mtendaji hutangulizwa kuliko msababishaji. Kwa hesabu hiyo mjomba ameshinda mara mbili: ghala ni lake, na aliyesukuma ni Kaye.

Lakini kamera ile iko katika uwanja wa nani? Isiyounganishwa na mtandao ni kisima cha uani. Siku nilipoiunga na intaneti niliufungua mdomo wake barabarani, mahali ambapo mtu asiyewahi kukanyaga Burundi anaweza kuufikia. Kwa hiyo hoja ya kwanza ya mjomba inaanguka. Ya pili inasimama: mbele ya kadhi, mhalifu ni Kaye. Hata hivyo, kuepuka dhamana mbele ya kadhi si kuepuka swali mbele ya Allah.

Hapo naikumbuka hadithi ya jahazi aliyoisimulia Nu'man bin Bashir (r.a.), iliyomo katika Sahih al-Bukhari. Watu wa chini walichoka kupanda juu kuteka maji, wakafikiri watoboe tundu katika sehemu yao ili wasiwasumbue wa juu. Nia yao haikuwa mbaya. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba wakiachwa wataangamia wote, na wakizuiwa wataokoka wote. Sisi tuliokulia ufukweni mwa Tanganyika hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Ila kuna tofauti inayonisumbua. Mtoboaji wa jahazi huzama pamoja na wenzake, kwa hiyo hofu yake mwenyewe inaweza kumzuia. Mjomba hataloa. Tundu linaweza kuwa Kabonga na maji yakaingia Monrovia. Kinachobaki kumzuia mtu hapo ni amana tu.

Na si intaneti peke yake. Desemba 23, 2015, wahalifu waliingia katika kompyuta za makampuni ya umeme ya Ukraine, wakawazimia umeme wateja wapatao 225,000 kwa saa kadhaa. Mlango wao wa kwanza ulikuwa nyaraka zilizotumwa kwa barua pepe, zikafunguliwa na wafanyakazi wa kawaida wa ofisini. Sisi nasi tuna jahazi letu: mtambo wa Rusumo kwenye mto Kagera, megawati 80 zinazogawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Mtambo wa umeme hauulizi nia. Ukipewa amri ya kuzima unazima, iwe imetoka kwa fundi au kwa mwizi, na mama aliye chumba cha upasuaji hataiona tofauti.

Mtasema mjomba hajui mambo haya, na Allah haikalifishi nafsi isipokuwa kwa uwezo wake. Ni kweli. Kiwanda kinachouza kufuli elfu kwa ufunguo mmoja kina mzigo mkubwa kuliko yeye. Lakini kati ya kiwanda na mjomba nilikuwepo mimi. Katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.), anayejifanya tabibu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya anayemdhuru. Mimi nilijifanya fundi, nikalipwa, nikaondoka.

Basi nilirudi kwenye maghala yote matano. Kazi haikumaliza hata saa mbili. Mjomba alilalamika kwamba neno jipya ni refu, akaliandika kwenye karatasi na kulikunja ndani ya kofia yake. "Na huko mbali nani atajua kwamba tumebadilisha?" akaniuliza. Nikamwambia, "Hakuna, mjomba." Akanyamaza kidogo, kisha akanituma nikamwonyeshe na jirani aliyenunua kamera yake kwa fundi mwingine.

Ndugu yangu, jioni hii itazame ruta ya chumba chenu bwenini. Nani aliifunga, na kwa neno gani?

Allah atujaalie kuwa miongoni mwa wanaozichunga amana zao. Wallahu a'lam.