Haki ya Kiziwi Katika Makumbusho Yetu

Tumeulizwa katika darasa letu: Je, kumfahamisha kiziwi aliyekuja kutazama Makumbusho ya Lamu ni hisani, ambayo mwenye kuifanya hupata thawabu na mwenye kuiacha hana lawama, au ni haki iliyo juu yetu? Baadhi ya waliohudhuria walicheka, wakaliona swali hili kuwa dogo. Sisi hatulioni dogo.

Mji wetu uliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, nasi twajifakhiri kwa jambo hilo. Mgeni huja akatazama Ngome, ambayo ujenzi wake ulimalizika mwaka 1821 baada ya vita vya Shela, na iliyokuwa jela tangu 1910 hata 1984. Hutoa kiingilio, na mwenye kumtembeza humweleza kwa ulimi. Basi akija kiziwi, akalipa sawasawa na mwenziwe, kisha akaachwa kutazama midomo ya watu ikifunguka na kufumba, amepewa nini? Ameona kuta tu. Mwenye kupokea thamani kamili akapima pungufu ameonywa vikali katika Suratul-Mutaffifin, nasi hatuoni tofauti baina ya kupunja mchele na kupunja maelezo.

Atasema msemaji: "Mtume, rehema na amani zimshukie, amelihesabu jambo la kumfahamisha kiziwi katika milango ya sadaka, na sadaka ni hiari." Twamjibu: Katika Hadithi hiyo hiyo, aliyoipokea Abu Dharri, kumetajwa pia kuamrisha mema na kukataza maovu, na hayo ni wajibu. Na Zaka yenyewe Kurani imeiita sadaka. Ni nani atakayesema Zaka ni hiari? Tena Hadithi imeweka mpaka: kiziwi afahamishwe hata aelewe. Kumwonyesha kitu kwa kidole na kupita hakutoshi.

Wengine husema ishara si lugha. Hawa hawakusoma vyema. Mafakihi wameikubali ishara ya bubu iliyo wazi katika nikaha, katika talaka na katika biashara. Nabii Zakaria alisema na watu wake kwa ishara, na Bibi Maryamu alipoulizwa juu ya mwanawe aliwaashiria kwake. Mtu ambaye kwa mkono wake huoa na huacha, atashindwaje kuelezwa kwa mkono habari ya siwa? Nayo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeipasa Serikali kuikuza Lugha ya Ishara ya Kenya, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, umetaja makumbusho kwa jina lake katika kifungu cha 30. Ni aibu kwetu kufundishwa na wengine lile lililomo vitabuni mwetu.

Tumeitaja siwa kwa kusudi. Siwa ya pembe ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu ni vyombo vya sauti. Mwenye kusikia mwenyewe hazisikii zikiwa zimewekwa kimya, bali huhadithiwa. Katika jambo hili yeye na kiziwi wako sawa, wote wawili wamhitaji mwenye kueleza.

Tena maandishi ukutani pekee hayatoshi, kwani wako viziwi ambao hawakubahatika kusoma. Nyumba zetu za kale zina vyumba vyenye giza, na asemaye kwa mikono hana budi kuonekana. Basi taa nayo ni katika maelezo. Na lililo bora kuliko yote ni kuwasomesha viziwi wenyewe tarikhi ya mji, wawe ndio watembezao wageni.

Amma sisi watu wa misikiti, tusiharakie kuwalaumu wa Makumbusho. Kiziwi huja Ijumaa mapema, akakaa safu ya mbele, akamtazama khatibu mwanzo hata mwisho, akarudi kwao asijue hata khutba ilihusu nini. Mwenye kujua ishara na asimame karibu na mimbari baada ya Sala, amfasirie.