Baada ya Kutoa Bure

Mpwa wangu amepanga chumba Mafubira, karibu na barabara iendayo Iganga, eneo lililokuwa la mashambani kabla Jinja, mashariki ya Uganda, haijapandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020. Mchana anatengeneza simu mjini. Usiku amejifunza kuandika programu, na mwaka jana alikamilisha moja ya kutunza hesabu za vikundi vya akiba, akaiweka mtandaoni itumiwe bure na yeyote mwenye simu janja. Kikundi cha mama yake ndicho kilichoanza. Kikafuata kingine cha Buwenda, kisha mwanamke mmoja wa huko akampelekea dada yake aliyeolewa Mbale, na Mbale nako ikashika. Hapo ndipo kijana aliponijia na swali ambalo amekuwa akizunguka nalo moyoni: "Mjomba, imeshatoka, watu wanaitumia. Sasa nifanye nini?"

Nimelichukua swali lake kwa uzito. Vijana wengi wa Afrika Mashariki wenye kipaji kama chake wanafundishwa kuzindua. Kuna mashindano ya kuzindua, kuna zawadi, kuna picha na makofi. Kuhusu miezi inayofuata, pale watu wanapoanza kukutegemea, hakuna anayewaambia kitu.

Kwanza tuone kijana amegusa nini. Utaratibu huu wa kuweka akiba ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, ukasambaa mpaka kwetu. Watanzania wana vikoba vyao, Wakenya wana chama, na Busoga yetu yote imejaa vikundi vya namna hii. Wanawake wa mtaa mmoja hukutana kila wiki, kila mmoja ananunua hisa, fedha zinaingia kwenye kasha lenye kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Humo humo wanakopeshana kwa riba ndogo, na pembeni wana mfuko wa misiba na magonjwa. Mwisho wa mzunguko, mara nyingi Desemba, wanavunja kasha na kugawana kwa kadiri ya hisa. Mgao huo ndio karo ya muhula wa Februari. Ndio mabati na mbegu. Tarakimu moja iliyokosewa mwezi Machi yaweza kuvunja Desemba urafiki wa miaka mingi, maana mwenye hasara atasema ameibiwa, na mweka hazina hana la kujitetea isipokuwa daftari lililolowa mvua.

Kwa hiyo mpwa wangu amepewa kitu kizito kuliko anavyodhani. Ninachomwambia ni kwamba tangu kikundi cha kwanza kilipoacha daftari na kuiamini programu yake, ameingia ahadini, awe anatoza fedha au hatozi. Wanawake wale hawakumlipa, lakini wamemkabidhi hesabu zao za mwaka mzima. Jambo la kwanza la kuamua ni namna ya kuitimiza ahadi hiyo. Mengine yote, kukua, kupata fedha, kupata jina, yaje baada ya hapo.

Ushauri anaoupata kwa wenzake ni mwingine. Mmoja aliyeko Kampala anamwambia akusanye watumiaji wengi iwezekanavyo ndipo atafute mwekezaji. Mwingine anamwambia aweke matangazo ya biashara. Wa tatu amemwambia aachane nayo aanze nyingine, kwa kuwa hii imeshamfaa kwenye wasifu wake wa kuombea kazi. Huyu wa tatu ndiye aliyenikera kweli. Kazi inayoshika akiba za watu haiachwi nyuma kama daraja ambalo mtu amekwisha kulivuka.

Uganda ina historia ya jambo hili, na kila mwandishi wa programu angepaswa kuijua. Miaka ya mwisho ya 2000 ilipofika, nchi ilijaa miradi ya afya kwa simu. Kila shirika lilikuja na mfumo wake: huu wa kukumbusha dawa, ule wa kuripoti malaria, mwingine wa kufuatilia wajawazito. Ramani moja ya miradi hiyo, ya mwaka 2008 na 2009, ilionyesha nchi iliyofunikwa na majaribio yasiyozungumza yenyewe kwa yenyewe. Mhudumu mmoja wa kituo cha afya angeweza kutakiwa kupeleka taarifa ile ile kwa mifumo tofauti, kisha ufadhili ukiisha, mfumo unanyamaza. Januari 2012 Dkt. Jane Ruth Aceng, wakati huo Mkurugenzi Mkuu wa Huduma za Afya na baadaye Waziri wa Afya, akasimamisha miradi hiyo yote mpaka ipate idhini ya wizara. Wenye miradi walitakiwa waonyeshe kwamba mifumo yao inaweza kuungana na mingine, kwamba serikali itaimiliki, na kwamba itaendelea kuishi fedha za mfadhili zikikatika.

Wapo walioliona agizo lile kuwa la kubana ubunifu. Mimi naliona kuwa la haki. Aliyeumia kila mradi ulipokufa hakuwa mbunifu, maana yeye alikuwa ameshakwenda kwenye mradi mwingine. Aliumia muuguzi aliyejifunza, akazoea, akaacha daftari lake, kisha akabaki na simu isiyojibiwa. Katika miaka ile ile mfumo wa mTrac, wa kupeleka taarifa za magonjwa na akiba ya dawa kwa ujumbe mfupi, ulienea nchi nzima kwa msaada wa UNICEF na wengine, kwa kuwa wizara yenyewe iliushika kama wake.

Kwa anayeishi huku mashariki ya Uganda hilo si geni. Tumeviona visima vya pampu ya mkono, ile tuiitayo U2, vilivyochimbwa na wafadhili bure, vikazinduliwa kwa hotuba na ngoma. Kinachoamua kama kisima kitatoa maji miaka mitano baadaye ni kamati ya watumiaji: nani anakusanya mchango wa kila mwezi, nani anamjua fundi, fedha za kununulia mipira ya ndani ya pampu ziko wapi. Panapokosekana kamati, mpini unabaki umening'inia na akina mama wanarudi kwenye chemchemi ya zamani. Mpwa wangu ameshachimba, na maji yanatoka. Sasa anahitaji kamati.

Kamati ya programu inapatikanaje? Njia inayojulikana zaidi duniani ni kufungua msimbo wake ili wengine waushike nawe. Aprili 30, 1993, taasisi ya CERN iliutoa wavuti wa Tim Berners-Lee kwa walimwengu wote bila malipo, na ndiyo maana kijana wa Mafubira ameweza kuutumia bila kumwomba mtu ruhusa. Karibu na kwetu kuna Ushahidi ya Kenya. Januari 2008, nchi ikiwa katika machafuko ya baada ya uchaguzi, Ory Okolloh alitoa wazo la ramani ya kuonyesha mahali ghasia zinapotokea, na yeye pamoja na Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao wakaijenga kwa siku chache. Ghasia zilipotulia walikabiliwa na swali hili hili la mpwa wangu. Wangeweza kuifunga na kurudi kwenye kazi zao. Waliamua kuiandika upya ili mtu yeyote aweze kuitumia kwa janga lake, na wakaitoa bure pamoja na msimbo wake. Tetemeko lilipoiangusha Port-au-Prince Januari 2010, ramani za Ushahidi zilikuwa miongoni mwa zana zilizotumika kupokea vilio vya watu wa Haiti.

Naiheshimu sana kazi ile. Hata hivyo kutoa msimbo peke yake hakutoshi, na Ushahidi yenyewe inaonyesha. Ramani nyingi zilizofunguliwa na watu mbalimbali kwa kutumia zana hiyo zilibaki karibu tupu, kwa kuwa aliyezifungua hakuwa na watu nyuma yake wa kupokea taarifa, kuzihakiki na kuzifanyia kazi. Mama wa Buwenda hawezi kusoma msimbo. Kamati anayoielewa yeye ni katibu wa kikundi anayejua programu inavyofanya kazi, na namba ya simu inayopokelewa siku ya mgao.

Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu aende akakae kwenye mikutano yao bila kufungua kompyuta. Aangalie. Safaricom na Vodafone walipoanza majaribio ya M-Pesa mwaka 2005 walikuwa wamelenga watu warudishe mikopo midogo kwa simu. Watu wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao, na walioijenga wakawa na hekima ya kuwafuata. Ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, kutumiana fedha ndiyo ilikuwa huduma yenyewe. Kijana alikwenda, akaona jambo ambalo chumbani kwake asingeliona: katibu bado anaandika kwanza kwenye daftari, kisha jioni anamtafuta mtoto wa shule amjazie kwenye simu, kwa sababu mkutanoni bando lake lingeisha. Tangu Julai 2021 tunalipa ushuru wa asilimia 12 juu ya bando, uliochukua nafasi ya ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku. Programu ya bure, katibu yule anailipia kila anapoifungua.

Hapo nilimwona akibadilika. Alikuwa na hamu ya kuongeza mambo mapya. Alitaka kuingiza mikopo ya PDM, mpango wa serikali uliozinduliwa Kibuku Februari 2022, na alitaka rangi na michoro. Sasa anaipunguza uzito ili ifanye kazi hata mtandao usipokuwepo, kisha ipeleke hesabu unaporudi. Ameongeza pia njia ya kuchapisha kila kitu kwenye karatasi. Nilimsisitizia hilo nikikumbuka Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Kikundi chenye kumbukumbu zake zote mtandaoni kingefanya nini wiki ile kama mwanachama amefiwa?

Liko suala la siri. Ndani ya programu ile kuna majina ya wanawake, hisa zao na madeni yao, na mengine waume zao hawayajui. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ni ya mwaka 2019, na inamhusu hata kijana mwenye kompyuta moja. Ushauri wa kuweka matangazo umeanguka hapa. Sitaki mkopeshaji wa mjini ajue nani wa Mafubira amebanwa mwezi huu.

Na fedha? Kuna wanaodhani kwamba aliyeanza bure akidai malipo amesaliti. Sikubaliani nao. Nchi hii imetumia moyo wa watu kupita kiasi. Wahudumu wa afya wa vijiji, VHT, wamezunguka nyumba kwa nyumba tangu 2001 bila mshahara, na wengi wamechoka kwa haki. Seva ina bili, jina la tovuti linalipiwa kila mwaka, na kijana anakula. Wanawake hawa wananunua kasha, wananunua daftari, wanatozana faini kwa kuchelewa. Wanaelewa gharama kuliko tunavyodhani. Kinachowaumiza ni kushtukizwa. Awaeleze mkutanoni, kwa Lusoga, gharama ni kiasi gani, awasikilize, na mchango wowote uanze mzunguko mpya, usianze katikati ya huu.

Na akishindwa, aondoke vizuri. Google ilipoifunga Google Reader, huduma yake ya kufuatilia habari za tovuti mbalimbali, tarehe 1 Julai 2013, ilikuwa imetangaza tangu Machi, na watumiaji walipewa njia ya kuchukua orodha zao. Walilalamika sana, lakini hakuna aliyeamka akakuta mlango umefungwa na vitu vyake viko ndani. Kampuni yenye mabilioni ilitoa notisi ya miezi mitatu na zaidi. Kijana anayeshika karo za watoto wa Mafubira atoe ya mzunguko mzima: asubiri mgao uishe, awakabidhi hesabu zao kwa karatasi, ndipo afunge.

Mpwa wangu ameamua kubaki nayo, bila kuongeza kikundi kipya mpaka mgao wa Desemba upite salama. Vikundi vingine viwili vya Mbale vimeomba kujiunga, na amevijibu visubiri. Uamuzi huo nauunga mkono, ingawa marafiki zake wanamwona amelala.

Nawe kijana unayesoma haya, uwe Mafubira, Mbale, Mwanza au Mombasa: kama una kitu cha bure mtandaoni ambacho hata kikundi kimoja kinakitegemea, wapigie simu wiki hii. Waulize hesabu zao zikoje, na uwaambie waziwazi utakuwa nao mpaka lini.