Kiti cha Nabii Aliyekosea

Kumbukumbu la Torati sura ya 18 yatupa kipimo cha nabii: tutazame kama neno lake limetokea. Kumpima nabii mwenyewe kwa kipimo hicho si kazi ngumu. Ugumu huja akiisha kufa, naye amekwisha kumtaja wa kukaa mahali pake.

Huko Marekani alikuwako Herbert W. Armstrong, aliyeanza kuhubiri redioni mwaka 1934, na kanisa lake likaenea nchi nyingi. Mwaka 1956 alitoa kijitabu juu ya mwaka 1975 na maangamizi yake. Watu wake walitazamia kukimbilia mahali pa salama mwaka 1972. Walitoa zaka, tena zaka ya pili, na kwa miaka mingine hata ya tatu. Miaka hiyo ikapita kama mingine yote. Hata hivyo kiti kilibaki. Mwanawe, Garner Ted, aliyedhaniwa kuwa mrithi, alitengwa mwaka 1978. Januari 1986, siku chache kabla ya kufa, mzee akamteua Joseph Tkach, wala waumini hawakuulizwa.

Tkach akaanza kuyapima mafundisho aliyoachiwa. Desemba 1994 akatangaza kwamba Sabato, sikukuu za Torati na zaka zile hazimfungi Mkristo kama sheria. Maelfu wakaondoka, wakaanzisha makanisa yao, wakisema amemsaliti aliyemweka.

Lakini tazama fundo walilofungwa. Walikuwa wamefundishwa kwamba Mungu huliongoza kanisa kwa mkono wa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyemteua Tkach. Ikiwa Armstrong aliongozwa na Mungu, mbona wamkatae mteule wake? Na ikiwa alikosea katika kuteua, nani awahakikishie kwamba hakukosea katika mengine? Waliobaki nao hawakuwa na raha zaidi, maana walimtii mtu aliyewaambia kwamba yule aliyempa mamlaka alikosea. Mimi nawahurumia wote. Mtu aliyetoa zaka zake miaka 30 haulizi maswali haya kwa mzaha.

Sisi Waanglikana twafundishwa kwamba ubaya wa kasisi haubatilishi sakramenti, kwa sababu sakramenti ni ya Kristo. Fundisho hilo ni jema, ila lisifanywe blanketi la kufunika kila kitu. Habari za 1975 hazikuwa za Kristo, zilikuwa za Armstrong. Basi mrithi wake hawezi kusimama juu ya unabii ule; alichorithi hasa ni deni, yaani kuwaambia watu kweli. Kwa maoni yangu Tkach alijitahidi kulilipa, na lilimgharimu sana.

Hata hivyo alipofariki mwaka 1995, mwanawe alishika nafasi yake, kwa kuteuliwa na baba. Aliyesahihisha mafundisho hakuisahihisha njia ya kurithishana!

Kwetu askofu huchaguliwa kwa kura, nasi hupenda kujisifia jambo hilo. Lakini katika mtaa mmoja niliokaa, mzee wa kanisa alifariki, na kikaoni mtu akasema, "Marehemu alimtaka fulani." Maneno yakaishia hapo. Hakuna aliyeuliza kama fulani anaifaa kazi, nami nilikuwa nimeketi papo hapo, nimenyamaza.