Maradhi ya Moyo: Muhula si Msamaha

 

Enyi ndugu zetu Waislamu wa pwani, katika miji yenu, na huku kwetu Isiolo pia, kuna jambo ambalo haifai kulinyamazia. Mtu huhisi kifua kinambana apandapo ngazi, na akipumzika humwondokea. Huambiwa ni upepo, au ni jini. Akaandikiwa kombe akalinywa, akafungwa na hirizi. Miezi ikapita, maumivu yakapungua, naye akasema: "Hirizi imenifaa." Basi hospitali haendi, hata siku moja akaanguka ghafla, na watu wakasema siku zake zilikuwa zimekwisha.

Hakika umri wa kila mja uko mkononi mwa Mwenyezi Mungu. Lakini yatupasa tujiulize: ule unafuu ulitoka wapi?

Tabibu Muislamu Ibn Nafis, aliyefariki Misri mwaka 1288, aliandika kwamba moyo haulishwi na damu iliyomo vyumbani mwake, bali hulishwa na mishipa ipitayo ndani ya nyama yake. Maneno yake yalisahauliwa mpaka mwaka 1924, tabibu wa Kimisri Muhyiddin Tatawi alipoikuta nakala ya kitabu chake huko Berlin. Ni msiba ulioje, kuisahau ilimu kama hiyo na kuikumbuka hirizi!

Mishipa hiyo ndiyo iuguayo. Mafuta hujikusanya ndani ya ukuta wake, na chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, huingia ukutani kuyapiga vita. Vita hivyo huzaa uvimbe unaofukuta polepole kwa miaka mingi, na njia ya damu ikawa nyembamba. Na siku utando unaoyafunika mafuta hayo upasukapo, damu huganda pale pale, njia ikaziba, na sehemu ya nyama ya moyo ikafa.

Sasa itazame hekima ya Muumba. Baina ya mishipa hiyo mna mifereji midogo sana. Huku kwetu, mvua ikiikata barabara, magari hushika vijia vya kando, na kila yapitapo vijia hupanuka. Vivyo hivyo, mshipa mkubwa ukiwa mwembamba, damu hukimbilia mifereji ile. Mbio zake huzisugua kuta, nazo kuta huwaita askari wale wale, chembe nyeupe, na mara hii hushika kazi ya kujenga mpaka mfereji ukapanuka. Basi huenda unafuu wa ndugu yetu ulitoka huko, wala si katika hirizi.

Na hapa pana zingatio. Askari mmoja huunguza huku, na hujenga kule. Mwaka 2017 ilitangazwa khabari ya dawa iitwayo kanakinumabu, waliyojaribiwa nayo wagonjwa zaidi ya 10,000 waliokwisha kupatwa na shambulio la moyo. Ilituliza uvimbe na kupunguza mashambulio mapya, lakini waliokufa kwa maambukizo wakazidi. Ikiwa mabingwa hutahadhari hivyo, itakuwaje mtu akanunue diklofenaki dukani kwa kuwa ni dawa ya uvimbe? Dawa hiyo yenyewe huzidisha khatari ya shambulio la moyo!

Basi jueni kwamba mifereji ya kando ni muhula, si msamaha. Si kila mtu anayo ya kutosha, na mara nyingi humtosha mtu aketipo, isimtoshe akimbiapo; na uvimbe katika mishipa mikubwa ungali ukiendelea. Mwenye kupewa muhula na autumie. Aache sigara. Aache miraa, ambayo sisi tunaokaa karibu na milima ya Nyambene twaijua mno. Madaktari wa Yemen wameona kwamba wenye kuitafuna hupatwa zaidi na shambulio la moyo. Apimwe shindikizo la damu na sukari. Na atembee kwa kadiri atakayoruhusiwa na daktari: mwaka 2016 madaktari wa Leipzig, Ujerumani, walieleza kwamba wagonjwa waliofanya mazoezi chini ya uangalizi wao, saa kumi kwa wiki kwa muda wa wiki nne, damu ipitayo katika mifereji hiyo iliwazidi kwa kiasi cha asilimia 40, na wasiofanya haikuwazidi.

Asiseme mtu kwamba kumwendea tabibu ni upungufu wa imani. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Saad bin Abi Waqqas alipougua, Mtume (s.a.w.) alimzuru, akauweka mkono wake juu ya kifua chake, akamjulisha kuwa moyo wake ndio wenye maradhi, kisha akamwelekeza kwa Harith bin Kalada wa Thaqif, kwa kuwa alikuwa akitabibu. Mtume mwenyewe alimpeleka mgonjwa wa moyo kwa tabibu; basi sisi ni nani wa kumzuia?

Kwa hivyo, enyi ndugu, maumivu ya kifua yakishika hata katika kupumzika, yakaenea mkononi au tayani, na jasho baridi likatoka, msingoje asubuhi wala msimwite mwandishi wa hirizi. Dua na iwe ulimini, na mgonjwa awe njiani kwenda hospitali.

Wabillahi ttawfiq.